Pilipili Siku ya Fainali

Kusema kweli habari hii naionea aibu mpaka leo, na ingewezekana ningeizika chini ya ule uwanja wetu mwekundu na kumwaga sementi juu, lakini kwa kuwa Bukavu nzima inaisimulia vibaya (kuna wanaosema nililogwa, kuna wanaosema nilikunywa petroli, na binamu yangu mmoja wa Nyangezi anaapa kwamba nilikufa kidogo nikafufuka), afadhali mnisikie mimi mwenyewe, na mkitaka kucheka chekeni, nimeshazoea, hata sokoni Kadutu kuna maman mmoja wa nyanya asiyejua jina langu, ananiita tu Mademoiselle Pilipili, halafu ananiongezea nyanya kwa huruma.

Jina langu ni Nsimire. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na sita, na watu walinijua kwa jambo moja tu, tenisi. Papa, ambaye anafundisha chuo kikuu, ndiye aliyenitia raketi mkononi nikiwa mdogo, kiisha akaniachia Kocha Bisimwa, mtu mrefu mwenye sauti ya kuamsha mtaa, ambaye alinipigisha mipira asubuhi kabla ya shule na jioni baada ya shule, na Jumamosi, na sikukuu, mpaka Maman akawa anauliza kama huyu mutoto ni wake ama ni wa kocha. Nilikuwa nashinda. Na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe, maana watu wakishakuzoea ukishinda, siku unatoka uwanjani umeshindwa wanakuangalia kama umewaibia kitu.

Sasa, kulikuwa na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kuna zile wiki za risasi (mnazijua) tulipokuwa tunalala kwenye koridoo na magodoro yetu, mbali na madirisha. Zikapita, mji ukatulia, shule zikafunguliwa, kila mtu akarudi kwenye kazi yake, nami nikarudi kwenye tenisi yangu, ila moyo wangu haukurudi vizuri. Nyuma ya uwanja wetu kuna ukuta wa mabati, na mpira ukimpita mtu ukagonga yale mabati, paa!, moyo ulianza kukimbia peke yake, mikono ikafa ganzi, koo likajifunga mpaka hewa ikawa inapita kama kwenye mrija wa kunywea soda, na mimi hapo niko na hakika kabisa kwamba ninakufa. Kiisha inapita. Nabaki nimelowa jasho na kutabasamu kijinga.

Mwanzoni ilinijia mara moja moja, baadaye kila mechi, na mwishoni hata nikifunga tu kamba za viatu. Sikusema. Ningesema nini? Kijana wa jirani yetu aliacha kuongea na watu, akawa anakaa ndani tu, na Maman alipomzungumzia alishusha sauti, "Yule, kichwa yake imeharibika," kwa ile sauti ambayo watu wanatumia kwa wafu. Na Kocha Bisimwa kila mara: "Woga ni ya batoto kidogo! Champion haogopake!" Basi nikawa nasema tumbo linaniuma. Nadhani tumbo langu lilikuwa limeuma kuliko matumbo yote ya Kivu, mpaka Maman akaninywesha dawa za minyoo mara mbili, minyoo ambayo sikuwa nayo.

Ikaja fainali ya mashindano ya wasichana, kwenye uwanja wetu. Ilikuwa Jumapili, baada ya misa, na watu wakaja moja kwa moja kutoka kanisani na nguo zao nzuri. Maman alikuja na wenzake wa kwaya, wote wamevaa kitenge kimoja, wamekaa mstari wa mbele kama wanangoja kuimba, na Papa nyuma yao. Pembeni kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, kikombe cha mshindi kimewekwa katikati. Mpinzani wangu alikuwa Divine, msichana wa Goma, mwembamba, wa kucheza mkono wa kushoto, aliyevuka Ziwa Kivu kwa boti pamoja na mama yake. Nami nilikuwa kwenye benchi kando ya ukuta wa mabati, natetemeka kama mtu wa malaria.

Huyo mama wa Divine, mama mmoja mnene wa sauti laini, ndiye aliyeniona. Watu wangu wote walikuwa wanapiga makofi, yeye mama wa mpinzani ndiye aliyeniona.

"Mutoto, unatetemeka," akaniambia, akafungua chupa yake ya maji. "Kunywa kidogo."

Nikanywa fundo moja, nikamrudishia chupa, nikasema aksanti maman, na wema ule ukanivuruga zaidi, nikahisi machozi yanakuja, na mechi bado kuanza. Hapo ndipo nikaamua jambo langu dogo. Nilikuwa nimeona video kwenye simu, mzungu mmoja anaeleza kwamba ukibanwa na woga hivyo, unachukua mfuko wa karatasi, unaziba mdomo na pua, unapumulia humo polepole, na moyo unatulia. (Video ilikuwa fupi. Labda kama ingekuwa ndefu kidogo angesema uangalie kwanza ndani ya mfuko.)

Mlangoni pa uwanja palikuwa na maman aliyekaanga sambaza, na wateja wamemjaa kwelikweli. Nikapenya.

"Maman, naomba mufuko ya karatasi."

"Kamata ile iko chini ya meza," akasema bila kugeuka, akiwa anageuza samaki, "lakini..."

Hiyo lakini sikuingoja. Nilishakamata mfuko na kukimbilia choo, nikajifungia, nikaziba uso wote na ule mfuko, nikafumba macho, nikavuta pumzi ndefu kama mtu anayetaka kumaliza hewa yote ya ziwa.

Ndugu zangu. Ule ndio mfuko aliokuwa anawekea pilipili yake ya kusaga. Pilipili ndogo zile kali, zilizokaushwa na kusagwa mpaka zikawa unga, na unga ulikuwa umebaki chini na kwenye mikunjo, na mimi niliuvuta wote, puani, kooni, machoni, sijui kama hata masikio yalipona.

Sikumbuki nilivyofungua mlango. Ninachokumbuka ni kwamba nilikuwa nakimbia na sioni kitu, napiga chafya na kukohoa kwa pamoja (sikujua kwamba mwili unaweza), nikidhani naelekea kwenye bomba, kumbe naelekea katikati ya uwanja, mpaka nikagonga wavu kwa tumbo nikaning'inia pale kama nguo iliyoanikwa, kichwa upande wa Divine, miguu upande wangu.

"Nsimire!" Hiyo ilikuwa sauti ya Maman. "Yesu wangu, mutoto yangu!"

Wakanizunguka. Wakanilaza chini. Uso umevimba, macho yamefungana, makamasi yanatoka, nataka kusema "pilipili" na koo linatoa tu sauti kama ya mbuzi. Nilitaka maji. Nikafungua jicho moja kidogo nikaona chupa ya maji, nikanyoosha kidole, nikaikazia kile kidole kwa nguvu zote zilizobaki, maana nilikuwa nawaka moto.

Chupa ilikuwa mkononi mwa mama wa Divine.

Macho yote yakafuata kidole changu. Kisha mmoja wa wale wamama wa kwaya akasema, polepole, "Anamuonyesha."

Mwingine: "Ni yeye alimupa maji. Niliona kwa macho yangu."

Na Maman akapiga kelele neno ambalo kwetu halisemwi kwa mchezo: "Karuho! Wamemupa mutoto yangu karuho!"

Kama hujui, karuho ni ile sumu ambayo kila mtu wa kwetu anaiogopa, wanasema inawekwa kwenye kinywaji, wanasema mtu anaifichaga chini ya ukucha, na neno hilo likishatamkwa mbele ya watu, hakuna tena anayeuliza swali. Watu wakaanza kukimbia huku na huku kutafuta dawa. Mmoja analeta jagi la maziwa. Mwingine anasema hapana, mafuta ya mawese ndiyo yanayofukuza, na mafuta yaliyokuwa karibu ni yale ya sambaza, basi wakamnyang'anya yule maman wa sambaza sufuria (bahati walikamata ile aliyokuwa ameiepua mapema, yalikuwa ya uvuguvugu tu), wakanikaba, wakanimiminia mdomoni mafuta yale yenye vichwa vya samaki, mengine yakanishukia kwenye sketi yangu nyeupe niliyoshonewa kwa ajili ya siku hiyo. Nikajinyofoa, nikasimama, nikapiga hatua za kipofu, nikapata kitu cha kujishikilia, nikatapika. Kitu chenyewe kilikuwa meza ya kikombe.

"Munaona! Inatoka!" wakashangilia.

Mpaka hapo ilikuwa aibu yangu peke yangu, na ningekuwa nimeishia hapo, ningecheka nanyi sasa hivi bila kuumia. Lakini nilipoweza kufungua macho, niliona watu wamemzunguka mama wa Divine. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimeanguka. Mwanaume mmoja, mzazi ambaye ninamjua, mtu wa heshima wa ofisi, alikuwa anamsukumia ile chupa usoni.

"Kunywa basi na weye! Kunywa tuone!"

Akanywa. Akanywa maji yote mpaka mwisho huku analia, mengine yanamtiririka shingoni, na alipomaliza akageuza chupa chini waione kwamba imeisha.

"Haina maana," mtu akasema nyuma. "Alishakunywa dawa ya kujikinga."

Na Divine amesimama mbele ya mama yake, ameinua raketi kwa mikono miwili, anatetemeka mwili mzima. Nilimwangalia usoni nikaujua ule uso. Ni uso wangu, wa kila mechi.

Sijui niseme nini zaidi ya kwamba niliogopa jambo lingine kuliko nilivyokuwa naogopa siku zote. Nilipanda kile kiti kirefu cha mwamuzi, kile chenye ngazi, na mafuta yanadondoka, na nikalia kwa sauti ambayo haikuwa sauti, "Hakuna karuho! Ni pilipili!"

Hawakusikia. Nikavua kiatu nikapiga nacho chuma cha kile kiti, ko, ko, ko, mpaka wakageuka.

"Ni pilipili! Hakuna mutu alinifanya kitu! Nilitia kichwa mu mufuko ya pilipili, mimi mwenyewe!"

Kocha Bisimwa, chini, mdomo wazi: "Mu mufuko? Kwa nini, juu ya nini?"

Na hapo, wapenzi, ningeweza kudanganya. Ningesema nilianguka, ningesema ni mchezo. Lakini yule mama alikuwa bado ameshika chupa tupu.

"Juu ninaogopaka," nikasema. "Kila mechi. Mpira ukigonga mabati, roho inanipiga, sipumue, ninaona ninakufa. Tangu wakati ule tulilalaka mu koridoo. Tumbo hainiumake, Maman. Haikuwaka tumbo. Nilijifungia mu choo nipumue, mufuko ikakuwa ya pilipili. Maman wa Divine alinipa maji sababu aliona ninatetemeka. Ni yeye peke yake aliona."

Kisha yule maman wa sambaza, kule mlangoni, akasema, bila hata kupaza sauti, "Nilimuambia *lakini*."

Wakacheka. Mmoja, halafu watatu, halafu uwanja mzima, wengine wanashika mbavu, wengine nadhani walicheka kwa sababu walikuwa wameona haya na hawakujua waweke wapi mikono yao. Mimi niko juu ya kile kiti, kiatu kimoja mkononi, nimepakwa mafuta, nimetangaza kichaa changu mbele ya kwaya, wazazi na wachezaji wote wa kilabu. Nilitamani ule udongo ufunguke. Papa ndiye aliyekuja. Hakucheka. Alipanda ngazi mbili, akaninyooshea mkono.

"Shuka, mama," akaniambia taratibu, "shuka sasa. Umesema vizuri."

Divine alinikuta kwenye bomba nanawa, ameshika lile jagi la maziwa. Alikuwa na hasira, na haki yake. Aliniambia niinamishe kichwa akanimiminia maziwa machoni, kwa nguvu, mengine yakaingia puani.

"Wangemuua mama yangu," akasema.

"Ninajua."

"Unajua nini, weye!" Akamimina tena. Kisha akakaa chini kwenye sementi, jagi miguuni. "Mimi ninatapikaka mbele ya kila mechi. Asubuhi ya leo, mu boti, hapana, mu hoteli, ona, hata sijue tena. Ninatapikaka kila mara. Mama anadhani ni ziwa inanisumbua."

"Na ukicheza kwenu Goma bila kupanda boti?"

"Ninamuambiaka ni mayai."

Tukacheka kidogo.

Fainali haikuchezwa. Kocha Bisimwa (ndiyo, yeye mwenyewe) alikwenda kwa mwamuzi akasema mchezaji wake ni mgonjwa na leo hachezi, na waliposema basi umepoteza kikombe akajibu kikombe mukamate, kikombe kitapanguswa. Divine akapewa, akakipokea kwa vidole viwili, kwa sababu ya harufu.

Maman alikwenda kwa mama wa Divine, mbele ya wote, akapiga magoti kwenye ule udongo na kitenge chake cha kwaya. "Maman Divine, unisamehe. Niliona mutoto yangu anakufa."

Yule mama alikuwa anafunga kitambaa chake. "Nilimupa maji sawa mutoto yangu," akasema. "Mukaniita mulozi, muchawi, mbele ya mutoto yangu." Akamshika Divine mkono, wakaondoka. Kesho yake Maman alinichukua mpaka bandarini na jibini na maparachichi ndani ya kikapu. Mama wa Divine alipokea kikapu, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia. Muache hasira iniishe kwanza." Akapanda boti. Ilimchukua miezi kuishiwa. Siwezi kumlaumu. Siku hizi yeye na Maman wanapigiana simu, na wakianza hakuna mwingine anayetumia simu hiyo jioni.

Nyumbani, jioni ile ile, nilingoja nigombezwe. Maman alikuwa amekaa, hajabadilisha nguo, goti bado jekundu.

"Nilikunywesha dawa ya minyoo," akasema, akaanza kulia.

Papa aliniuliza tangu lini, nikamwambia. Kisha akasema, bila kuniangalia, kwamba yeye mpaka leo analala viatu vyake vimefunguliwa kamba kando ya kitanda, tayari kuvaliwa, na kwamba hajawahi kumwambia mtu, hata Maman, na Maman akasema, "Ninaviona kila asubuhi, Papa Nsimire. Ninavipangushaka vumbi." Tukabaki hivyo, watatu, hakuna aliyetaka kuwasha televisheni.

Walinipeleka hospitali, kwa mwanasaikolojia mmoja, maman mwenye miwani ambaye hakushusha sauti hata mara moja, aliniongelesha kama mtu anayeongea juu ya mguu uliovunjika. Aliniambia kichwa hakikuharibika, kimechoka kulinda mlango. Alinifundisha kupumua (bila mfuko wowote, nilimuuliza mara mbili). Akamwita na kocha, wakapunguza mazoezi, Jumapili ikawa ya kulala na ya kwenda Lwiro kwa shangazi. Kocha Bisimwa bado anapiga kelele, hiyo haina dawa, lakini lile neno la woga ni wa batoto sijalisikia tena.

Nilipona? Hapana, si kama mtu anavyopona malaria. Inakuja, inakwenda. Mwezi uliopita nilikuwa nacheza nusu fainali, seti ya tatu, na ikanijia nikiwa naanzisha mpira, mikono ikafa. Nilikwenda mpaka kwa mwamuzi, muzee mmoja wa suti, nikamwambia, "Papa, ninaomba kupumzika kidogo. Ninaogopa."

Muzee akafikiri, akapekua kichwani mwake sheria zote alizokuwa nazo. "Mutoto," akaninong'oneza kwa huruma, "mu règlement woga haiko. Niseme ni muguu?"

Nilikaribia kusema ndiyo. Ilikuwa rahisi sana.

"Hapana, papa. Muguu iko bien. Ni woga."

Akakohoa, akajiweka sawa kwenye kiti chake, akawatangazia watu wote kwa sauti ya kanisani: "Mademoiselle anaogopa kidogo. Tunamungojea."

Na wakaningojea. Wengine walifungua njugu zao, mmoja alipokea simu, hakuna aliyekufa. Nilikaa chini, nikapumua, nikarudi, nikashindwa ile mechi vizuri kabisa, na usiku nikalala usingizi mzito. Nimeapa kwamba hilo neno nitalisema mapema, kwa mtu wa kwanza aliye karibu, hata kama anauza samaki. Kujificha nako ni kazi, tena mimi siiwezi.